Asilimia Sabini

Saa tisa za usiku, ghorofa ya tatu, Montevideo.
Nje hakuna wingu hata la kufutia jasho.
Wasemao dalili ya mvua ni mawingu
hawajawahi kukesha zamu hii.
Mimi nalipwa kwa dalili ya dalili:
upepo wa kaskazini unaoteremka kutoka Brazili
na unyevu wake, kama mtu mwenye ndoo iliyojaa pomoni
anayetafuta pa kujikwaa.

Na pa kujikwaa pamekwisha kuonekana.
Baridi inapanda kutoka kusini.

Naandika:
Kuanzia alasiri, ngurumo na radi Artigas na Salto.
Mvua kubwa kwa vipindi, milimita sitini, pengine tisini.
Usiku wa kuamkia Alhamisi zitavuka Mto Negro.
Upepo wa ghafla. Mvua ya mawe hapa na pale.

Olascoaga, mkuu wa zamu, hapendi "pengine".
Nalifuta.
Anakwenda kuchemsha maji ya mate, nalirudisha.
Katika taarifa nzima
ndilo neno pekee ninaloweza kuliapia.

Nchi ni ndogo kwenye skrini, kiganja kinaifunika.
Chini ya kidole gumba iko Tacuarembó,
na ndani ya Tacuarembó, njia ya kwenda Ansina,
yuko Wilmar, baba yangu,
na kondoo mia mbili na kumi na wawili
walionyolewa tangu Jumatatu,
weupe, wembamba, wenye aibu ya watu waliovuliwa nguo sokoni.
Mvua ikiwapata hivyo, na upepo, na nyuzi nane za joto,
hawakimbii. Hujibana kwenye uzio wa waya
na kufa wakiwa wamesimama.

Kuna mstari wao katika taarifa, wa mwisho kabisa:
Tahadhari kwa wenye kondoo walionyolewa karibuni.
Mjini huku wanauruka
kwenda kutazama kama Jumamosi kutachomwa nyama.

Saa kumi huwa ameamka. Napiga.
"Baba, waingize kwenye mikaratusi."
"Asilimia ngapi?"
"Sabini."
"Kwa hiyo thelathini ni jua."
Nyuma yake nasikia birika, mbwa, redio bila stesheni.
Mwaka juzi nilimwambia themanini.
Aliwarudisha wanyoaji, akawalipa siku ya bure,
na siku hiyo ikawaka kama bati.
Alinitumia picha ya ua mkavu,
bila neno.

Sasa rangi. Manjano au chungwa?
Ni mwendo wa kidole, hauzidi punje ya mchele.
Manjano, na mwalimu wa Tranqueras
atawapitisha watoto kwenye kivuko cha chini.
Chungwa, na Nair wa Rivera hatatandika meza yake,
maboga yake yatashinda ndani,
na jua likitoka
atanitukana kwa lugha mbili, ya kwake na ya ng'ambo ya barabara.
Ana haki.
Hakuna anayekulipa mvua isiyonyesha.

Ng'ambo ya Mto Uruguay, upande wa Argentina,
rada inaonyesha doa la kwanza.
Kijani. Kisha katikati yake, jekundu,
kama jicho lililoingia mchanga.
Olascoaga anasimama nyuma yangu na bilauri yake,
hasemi kitu. Ananusa tu,
utadhani skrini ina harufu.

Nabonyeza chungwa.
Idara saba zinageuka rangi kwa pamoja,
na watu wake wamelala fofofo.

Saa kumi na moja na dakika kumi simu inatetemeka mezani:
"Nimewahamisha wote.
Si kwa ajili ya asilimia zako.
Chumvi imelowa kwenye kopo."

Nasoma mara mbili.
Kisha kwenye daftari la zamu, si kwenye taarifa,
chini ya vipimo vya unyevu, kwa kalamu ya wino, naandika:
Tacuarembó. Chumvi imelowa.