Chumba Tulichokiita Stoo

Januari hii Liepāja jua linachomoza saa tatu,
na saa kumi na nusu limeshajikunja.
Ilgvars amestaafu. Miaka thelathini na minne alitengeneza tramu;
sasa anafukuza giza
katika nyumba inayokaa juu ya meza yetu ya kulia.

Tuliijenga kwa mbao za kabati la mama yake.
Ukiinamia mlango wa mbele bado inanuka nafthalini,
kana kwamba humo ndani wote wametunza makoti.

Kazi tumegawana. Yeye nyaya, mimi vyombo.
Kifuniko cha dawa ya kikohozi nimekifanya sufuria.
Vifungo vinne vya shati lake la harusi ni sahani;
vina matundu, supu itavuja,
ila hadi leo hakuna aliyelalamika.
Stempu yenye korongo ndiyo picha ya sebuleni.
Zulia ni glavu iliyofiwa na mwenzake.

Balbu zake ni punje za mchele,
kila moja ina mikia miwili myembamba kuliko unywele.
Anachomelea huku amebana pumzi.
Nikipiga chafya ananitazama kama mwizi.

Tunagombana pia.
"Nyumba nzima iwake? Nani anaishi hivyo?
Jikoni na ngazini, basi."
"Ilgvars, nyumba ya wanasesere hailipi bili."
"Aliyeijenga amelipa maisha yake yote."
Hapo sina jibu. Namenya viazi,
viazi vya kweli, kila kimoja kikubwa kuliko kitanda chao.

Watu wanauliza: ya mjukuu?
Dzidra wa ghorofa ya pili alileta hata utepe wa waridi.
Nikamwambia hatuna mjukuu, wala wa kutuletea mjukuu.
Ni yetu.
Akasimama na utepe mkononi
kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.
Nikaupokea. Utepe hauna kosa.

Juu, chini ya paa, kuna chumba tulichokiita stoo.
Tangu mchoro wa kwanza: jikoni, sebule, chumba cha kulala, stoo.
Hata fleti yetu ina stoo:
skii, mitungi ya matango, cherehani,
na ukutani, juu, safu ya bata wa manjano
ambao tangu mwaka wa themanini na tatu
hatujapata moyo wa kuwabandua.

Jumanne alikwenda kununua gundi.
Nilikuwa na utepe. Nilikuwa na kiberiti kilichokwisha.
Sikufikiri, au nilifikiri kwa vidole:
kisanduku, utepe kuzunguka, pamba kidogo ndani.
Nikakiweka stoo, nyuma kabisa,
nikasimamisha ufagio mbele yake.

Ndipo nikakiona kitundu ukutani.
Kimetobolewa, kikapigwa msasa,
na ndani yake, imejikunyata kama konokono,
balbu,
ya manjano, dhaifu kuliko zote,
waya wake umeshashuka nyuma ya mbao hadi kwenye betri.
Swichi yake hakunionyesha. Iko chini ya ngazi.

Alirudi na theluji mabegani.
Alichungulia juu, muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji.
Hakusema. Sikusema.
Tulikula viazi.

Usiku yeye ndiye mzimaji: sebule yao, ngazi yao,
jikoni yao, kisha jikoni yetu,
mtu anayehesabu wati kama karani wa posho.
Saa nane za usiku nikaamka kunywa maji.
Mezani taa moja ilikuwa ingali inawaka,
pale juu, nyuma ya ufagio.

Kwa mwendo huo betri haifiki Ijumaa.
Nikapapasa chini ya ngazi, nikaigusa swichi,
nikaurudisha mkono mfukoni mwa gauni.

Kesho nitakwenda sokoni mwenyewe.
Nitanunua mbili.