Gramu Tisini na Nne

Miaka thelathini na saba pale Marikiti
nilipima vya watu: hiliki, bizari, pilipili manga,
na sikumpunja mtu hata chembe.
Basi daktari aliposema, "Mzee Shebwana,
tezi yako imefika gramu tisini na nne,"
kiganja changu kilifunguka chenyewe
kikaupokea uzito kabla ya masikio.
Konzi mbili za hiliki.
Kumbe ndizo zilizokuwa zikiniamsha.

Mara saba kwa usiku. Mwanamize akihesabu
bila kusema, kwa kujigeuza tu.
Nami chooni kama mdai mlangoni kwa mtu,
nabisha, nangoja,
likitoka tone nashukuru tone,
mpaka majogoo ya Kibokoni yananiwahi.

Msikitini niliihama safu ya mbele,
nikakaa karibu na viatu.
Watu wakadhani ni unyenyekevu.
Mwenye udhuru, dini ni nyepesi, najua;
lakini nani atautaja udhuru huu
mbele ya wakwe?

Sindano ya mgongo. Miguu ikaondoka
ikanitangulia sijui wapi.
Nyuma ya pazia la kijani walizungumza
habari za foleni ya feri, Likoni,
mikono yao imo ndani yangu.
Kisha chuma juu ya chuma:
mlio wa jiwe la mizani. Huo siupotezi.

Siku ya kwanza mfuko ulikuwa rangi ya damu,
ya pili zafarani,
ya tatu maji ya mchele.
Kitanda cha pili, Mkala wa Mazeras,
wake ulitakata mapema, akaniringia.

"Mbegu zitarudi nyuma," daktari alisema,
akitazama karatasi.
Nina wajukuu kumi na mmoja, nikamjibu.
Hata hivyo kitu kiliuma
mahali wasipopasua.

Nikaomba niione. Wakanipa kichupa,
nyama imemenywa kwa kidole kama chungwa.
Nikakiinua. Nikatoa chupa, nikatoa dawa.
"Sabini na moja," nikasema.
Muuguzi akacheka. Ganda tumeliacha ndani, akasema.
Maabara wakaandika sabini na mbili.

Nikikohoa bado linaponyoka tone;
nina kitambaa, sijarudi safu ya mbele.
Ila usiku ule wa kwanza nyumbani
nilisimama gizani, mkono ukutani,
na Mwanamize, sauti nzito ya usingizi,
akauliza kutoka chumbani:
"Baba Mahfudh, mvua hiyo?
Nguo ziko nje."