Paa la Nyasi za Bahari

Shangazi Abelone hakuuliza kama nimechoka.
Alinirushia furushi la nyasi za bahari,
nyeusi, kavu, zenye harufu ya chumvi iliyolala,
akasema: Sokota.
Kama nywele za mtoto asiyetulia.

Nimerudi jana usiku.
Siku kumi na nne juu ya mnara,
mita mia moja kutoka majini,
nikikaza bolti nene kuliko mkono wangu
ndani ya kichwa cha mtambo wa upepo.
Kutoka kule kisiwa chetu ni kipande cha mkate
ambacho mtu amekisahau mezani.

Hapa tuko wanane: wanawake saba na Villads,
mvulana wa jirani aliyeletwa na mama yake
baada ya kuvunja kitu ambacho hatuambiwi.
Tunasokota nyasi hadi ziwe kamba nene kama paja,
tunazifunga kwenye fito za ukingoni,
kisha tunarundika, tunapanda, tunakanyaga.
Unene wa mita nzima.
Panya hulisusa paa hili. Moto hulionja ukaliacha.
Ni ile chumvi.

Chumvi! Shangazi hucheka akilitaja neno hilo.
Kisiwa hiki kilikuwa na misitu, anasema,
mpaka mababu walipojua kuchemsha maji ya chumvi.
Matanuri mchana, matanuri usiku,
mti baada ya mti,
wakauza magunia bara, wakanunua vijiko vya fedha.
Siku moja mtu akatafuta boriti ya nyumba
akakuta mchanga tu, unamwingia machoni.
Ndipo wakashuka ufukweni, vichwa chini,
kuokota kilichotupwa:
mbao za meli zilizovunjika,
na nyasi hizi.

Boriti hii, iguse, ina tundu la msumari wa meli.
Ilikuwa inaelekea kwingine.

Uwanja ulio nyuma ya bandari sikumwambia.
Alikwenda mwenyewe kwa baiskeli, akachungulia uzioni.
Akayaona mapanga ya mitambo ya kwanza
yamelala kifudifudi kama nyangumi waliopotea njia,
meupe, nyuzi za kioo na gundi.
Yalizunguka miaka ishirini na mitano.
Paa lake lina mia mbili na sitini,
na upande wa kaskazini limeota maua
ambayo hakuna aliyeyapanda.

Jioni, akinimiminia supu:
Yale yatakwenda wapi, Sidsel?
Nikamweleza habari za viwanda vya kuyasaga,
za saruji, za gundi mpya
inayokubali kuachana na nyuzi zake.
Nilieleza vizuri. Nimesomea.
Akasema: Sawa. Lakini yatakwenda wapi?

Msinielewe vibaya, naipenda ile mitambo.
Birika la Abelone linachemka kwa upepo,
mashine ya meno ya daktari, taa ya zizi la kondoo,
vyote kwa upepo.
Usiku, ndani ya mnara, huuwekea chuma sikio:
chumvi iliutafuna msitu wetu na hakuna aliyeisikia,
basi mimi nasikiliza.

Jumanne akaagiza: Leteni moja.
Trekta mbili, msumeno wa almasi, matusi mengi.
Kipande cha panga, mita tisa,
tumekilaza juu ya nguzo, mgongo juu,
kule kondeni tunakoanika nyasi.
Mvua ya alasiri ikashuka. Nyasi hazikulowa.
Villads akapiga kofi ile bati isiyo bati,
ikalia kama ngoma yenye mafua,
akacheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Abelone hakupiga makofi.
Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
Bado mia moja na kumi na moja, akasema.

Kisha akaichukua kamba ya Villads,
akaivuta, ikafumuka yote mapajani mwake.
Legelege, akasema.
Anza upya.