Chini ya Mzinga

Ukurasa wa nne ulinichukua siku mbili,
Februari, Maribor, theluji imeziba dirisha la chini.
Nilihesabu silabi kama mtunzi wa beti,
nikajipongeza kwa kahawa ya tatu:
"Weka mizani chini ya mzinga.
Hakikisha imelala sawa. Washa."
Nani atakwama hapo?

Pembeni mwa kila aya tuliacha kidirisha
kidogo kama stempu:
Hujaelewa? Uliza hapa hapa.
Bojan, aliyekitengeneza, hakukipa wiki mbili.
Watu hawasomi mwongozo, alisema,
watu hubonyeza.

Wa kwanza alikuwa Jozefa, bibi wa Ptuj:
"Nyumba yangu ya nyuki ina mizinga thelathini,
imepangwa kama droo za kabati.
Chini ya mzinga kuna mzinga.
Mwanangu, unaposema chini,
unasema chini ipi?"

Nikacheka. Nikamsomea Bojan kwa sauti.
Halafu nikaenda kuitafuta hiyo chini
ndani ya sentensi yangu, sikuiona.
Nikaongeza mstari. Nikaongeza mchoro.
Jozefa akarudi: mchoro umegeuzwa,
mlango wa nyuki hauelekei ukutani.

Wakafuata wengine.
Mmoja alikuwa amevaa glavu, hakuweza kukipata kitufe;
mimi kitufe nilikijua kwa kidole kitupu,
mezani, karibu na hita.
Mwingine, Ufini, aliandika saa tisa usiku:
"Nyuki wangu wamelala tangu Oktoba.
Leo mzinga umeongezeka kilo kumi na moja.
Wanaiba wapi?"
Nikamjibu: Toka nje, ufagie paa.
Asubuhi nikaliweka neno theluji
mahali ambapo halikuwapo,
ingawa lilikuwa dirishani pangu
nilipokuwa naandika.

Aprili likaja la Zulkarnay, kutoka Ural:
"Mzinga wangu ni msonobari.
Tundu alilichonga babu wa babu yangu,
mita kumi na mbili kutoka ardhini.
Mti uko hai, una mizizi.
Mizani niiweke chini ya mti?"

Siku tatu sikumjibu.
Nilichora mikanda, nikachora ndoano,
nikafuta yote.
Siku ya nne nikaandika kwenye ukurasa wenyewe,
si pembeni, bali katikati, kwa herufi zile zile za maelekezo:
Kwa mzinga ulio ndani ya mti ulio hai,
bado hatujui.
Bojan akauliza kama kampuni inaruhusu neno hilo.
Sikumwuliza mtu.

Ndipo Zulkarnay akaandika tena, safari hii bila alama ya kuuliza:
"Sisi hatupimi. Tunapanda kwa kamba,
tunagonga gome kwa kifundo cha kidole,
tunaweka sikio.
Mti wenye asali hujibu kwa unene.
Mti mtupu hujibu upesi."
Na Jozefa, ambaye hakuulizwa,
akaongeza hapo chini kwamba naye hugonga,
miaka hamsini sasa,
ila alidhani ni mazoea yake tu, akaona aibu kusema.

Sasa ukurasa wa nne una kurasa kumi na moja.
Kuna sehemu ya kugonga, na jina la aliyeileta.
Kuna chini tano, kila moja na mchoro wake.
Wageni wakiusoma husifu ufasaha wangu;
nami huutafuta mstari niliouandika mwenyewe
kama mtu anayetafuta kiti chake
katika sebule iliyojaa.

Limebaki neno moja tu la ile Februari.
Washa.
Jana usiku mtu asiyetaja jina aliliwekea alama, akauliza:
"Kabla ya kuwafungia nyuki, au baada?"
Niko macho. Saa nane na nusu.
Neno langu la mwisho linaniwasha,
na sina budi kwenda nje kuangalia.