Plagi Kifuani

Hapa Sohra hatuulizi kama mvua itanyesha.
Tunauliza ipi:
ile inayolala juu ya mabati siku tisa bila kugeuka ubavu,
ile nyembamba inayojua njia ya mshono wa glavu,
au ile isiyoshuka kabisa, inayopanda
kutoka bondeni na kukulowesha kidevu kwa chini.

Mama alipofariki, nyumba alirithi Ibanri,
kitindamimba, kama desturi yetu inavyotaka:
nyumba, meko, na deni la kuwatunza wazee.
Mimi wa kati nikaachiwa pikipiki.
"Na yenyewe ina kutu," akasema mjomba Shanbor,
kama anayekutajia kasoro ya mchumba.

Ina kutu. Sikatai.
Kila jioni naipangusa kwanza, ndipo nijipanguse mimi.
Cheni naisugua kwa mswaki wa marehemu,
tone la oili kila pingili, pingili mia na mbili;
nikipotewa na hesabu naanza upya,
wala si kwa ajili ya cheni.
Waya wa plagi nimeuvisha kipande cha tyubu.
Kichujio cha hewa nakianika juu ya meko
kando ya samaki,
ndiyo maana asubuhi injini yangu
hunuka chakula cha jana.

Barabara imenifunza adabu.
Kwenye utelezi breki ya mbele huombwa, haiamrishwi.
Dimbwi usiloujua mwisho wake, usiliite dimbwi.
Mstari mweupe ni sabuni.
Lori la makaa likikupita, funga mdomo.

Nabeba damu. Vichupa kumi, siku nyingine thelathini,
kutoka zahanati ya Laitkynsew hadi maabara ya Shillong,
ndani ya kisanduku cha barafu, chini ya turubai.
Homa ya mtu haingoji anga itakate.

Mwezi wa saba, kwenye kona ya mgodi wa chokaa,
injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Kiki. Kiki. Kiki.
Goti likaanza kulalamika.
Taa yangu iliangaza hatua moja tu
kisha ikagota kwenye ukungu kama kwenye ukuta.
Nikaifungua plagi: imelowa
kama kipande cha popoo kilichotafunwa.
Nikaitia kifuani, ndani ya fulana,
mahali pekee palipokuwa pakavu
kati yangu na Bangladesh.

Mvulana akatokea. Sikumsikia.
Mgongoni amevaa knup, ngao yetu ya mianzi na majani
inayomfanya mtu afanane na kobe aliyesimama wima.
Hakusalimu. Aliivua, akaifunika injini,
akabaki kwenye mvua kichwa wazi,
macho kwenye kabureta, kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.
"Jikinge wewe," nikamwambia.
"Mimi sina plagi," akajibu.

Tukangoja. Akatoa kwapani kiazi kitamu cha kuchoma,
akakivunja, akanipa upande mkubwa
kisha akaujutia, nilimwona.
Nikamrudishia ncha.
Tulitafuna bila neno, maji yakitiririka puani mwake,
na chuma kile kikaiba joto langu kidogo kidogo
kama paka anayetafuta pa kulala.

Kiki moja. Ikashika.

Rupia ishirini hakuzitaka.
Alitaka honi.
Akaipiga, ndefu, bonde likaitikia,
akaipiga tena, na tena,
damu ya watu thelathini ikimngoja amalize.
Nikamuuliza jina; injini ikalimeza,
nikabaki na mwanzo tu: Bat—
Kwenye kioo cha pembeni nilimwona akivaa mgongo wake
na ukungu ukamfuta kuanzia miguuni.

Usiku ule nilizihesabu pingili.
Nilifika mia na mbili mara ya kwanza.
Kopo lilikuwa bado na oili chini.
Nikadondosha tone moja, bila sababu ya kifundi,
kwenye kitufe cha honi.