Difu Wazi

Tsofa alipandisha gari kwa jeki mbili, upande wa nyuma,
akaniambia: zungusha gurudumu la kulia.
Nikazungusha. La kushoto likaenda kinyume,
taratibu, kama mtu anayekataa kwa kichwa.
"Umeona? Hii ni difu wazi, dada.
Nguvu zote humpa anayeteleza."

Altezza nyeupe, ya zamani.
Nimeinunua kwa miaka sita ya kung'oa meno ya watu,
na injini yake, ikifika elfu saba, hunisahaulisha taya zote.
Lakini kila nikikata kona ya Casuarina,
pale mchanga unapovuka lami bila kubisha hodi,
gurudumu la ndani hupiga mayowe na kutoa moshi,
na la nje, lililong'ang'ania lami kwa kucha,
hungoja zamu isiyokuja.

Akachuchumaa na chaki kwenye sakafu ya gereji.

Ichomelewe, alisema. Elfu tatu, umeme ukiwepo.
Magurudumu yatiwe pingu moja,
na kila kona mmoja amburute mwenziwe.
"Hiyo ya vijana wa kuchoma matairi. Wewe huna hela ya matairi."

Au ya meno ya mshazari. (Meno nayajua, nikainama.)
Kimya. Haidai mafuta ya pekee.
Humpima anayeteleza, kisha humpa anayeshika mara tatu yake.
"Ila gurudumu moja likining'inia hewani kabisa,"
akafuta nusu ya mchoro kwa kiganja,
"mara tatu ya sufuri ni ngapi?"

Au ya sahani,
zimepangwa kama chapati, springi imezibana
hata gari likiwa limelala. Hiyo haingoji kupima.
Lakini hula mafuta yake kwa ratiba,
na ukigeuza polepole hugonga: tak, tak, tak.
"Watu watakwambia gari limevunjika."

Usiku Rishad wa Mombasa akatuma bei.
Ningeweza kuezeka nyumba.
Sikulala, wala si kwa sababu ya bei.

Baba alikuwa difu wazi.
Alipouza kiwanja cha Muyeye, Twalib alipewa cha viza.
Akarudi kutoka Doha na begi tupu, akapewa cha kuku.
Kuku wakafa kwa kideri, akapewa tuktuk.
Mimi nilikuwa nimebakiza elfu nane ya ada, muhula wa mwisho.
"Wewe umeshashika, mwanangu," alisema,
akinimiminia chai kwa upole ambao bado unaniuma.
"Mwenzio ndiye anateleza. Na kuteleza si kuanguka."

Kweli, baba. Hakuanguka.
Alizunguka pale pale miaka kumi na mmoja
na moshi tukauvuta sote.

Simlaumu. Chuma kile kilichongwa hivyo
ili kona ziwe laini.
Nyumba yetu haikuwahi kugonga hata siku moja.

Asubuhi nikamwambia Tsofa: ya sahani.
"Kwa nini si ile ya kimya?"
Nikasema ipo kona moja, ukitoka Sabaki kurudi mjini,
gurudumu langu hupaa.
Hakuna kona hiyo. Yeye ndiye hulijaribu gari langu huko.
Alifuta mikono kwa fulana kuukuu
akaandika: mafuta, kila kilomita elfu tano, usisahau.

Jumamosi nililigeuza nje kwa baba, Shela,
uchochoro wa kupita punda na nusu.
Tak, tak, tak. Watoto wakaacha mpira.
Baba akatoka na kikoi, miwani juu ya paji.
"Gari lako limevunjika?"
"La. Ndivyo linavyosema likishika pande zote mbili."
Akaliangalia tairi la nyuma muda mrefu,
kama ankara ya mtu mwingine iliyoletwa kwake.

Kwenye kiti cha abiria
Twalib alikuwa bado anautafuta mkanda.