Mkono Mtupu Haulambwi

Tunatoka kabla jua halijaipasha lami,
mimi na Lumi, na maini ya kuku mfukoni
niliyoyachemsha usiku bila chumvi,
nikayakata madogo kama punje za mahindi.
Azaiba imelala. Viyoyozi vinadondosha maji kwenye kuta.

Jana ilikuwa Ijumaa. Watu wamekula ufukweni
hadi usiku wa manane, na mchanga umebaki na ushahidi:
wali wa zafarani, kokwa za tende,
karatasi ya shawarma inayong'aa mafuta,
na vijiti vya mishkaki.
Hapa pia huitwa mishkaki. Siku ya kwanza nilipolisikia neno hilo
kwa muuzaji wa kando ya barabara
nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kijiti ndicho kilichotufikisha hapa.
Lumi alikimeza mwezi wa tatu, ncha na yote.
Daktari akampasua, akamshona,
akaandika riale mia mbili na arobaini:
mishahara yangu miwili.
Bi Thuraya alilipa bila kukunja uso,
kisha akanikabidhi kamba.
"Wakesho, asile tena cha chini."

Nilianza vibaya. Nilivuta, nilifoka,
nilimkimbilia, naye akameza upesi zaidi.
Nani hamezi upesi akimwona mnyang'anyi anakuja?
Nikampanua taya nikatoa bawa la kuku;
kesho yake akajua kunipa mgongo kwanza.

Kwetu Voi mbwa hafundishwi kuacha.
Anachookota ndio ujira wake wa kubweka usiku.
Na Lumi aliokotwa kwenye wadi, karibu na Bidbid,
mbavu unazihesabu ukiwa mbali.
Mwenye njaa hana miiko,
na tumbo halisahau hata likishiba.

Basi nikaketi sakafuni jikoni,
nikafunika kipande cha mkate kwa kiganja.
Akanusa. Akalamba vidole. Akakwangua; alama ninayo.
Nikangoja.
Kazi yenyewe, kwa kweli, ni kungoja.
Alipochoka akainua macho akanitazama mimi, si mkate,
nikasema "Wacha," nikampa ini kwa mkono wa pili.
Cha chini hakiwi chake kamwe,
hata akikiacha kwa adabu namna gani.

Wiki mbili jikoni. Tatu uani, kamba ikilegea.

Jioni moja Bi Thuraya akataka kujaribu mwenyewe.
Alimkataza kwa Kiarabu, akamkataza kwa Kiingereza;
Lumi akaendelea na ganda la samaki.
Ndipo dirisha la juu likafunguka,
na mama mkwe, Bi Zuwena, aliyehamia kwetu tangu Ramadhani,
ambaye mimi naye tulielewana kwa vidole na kwa Kiarabu changu cha kuokoteza,
akapaza sauti: "Mwambie wacha! Huyo Mswahili!"
Nilibaki mdomo wazi.
"Bibi, kumbe Kiswahili unakijua?"
"Na wewe uliniuliza lini?"
Akafunga dirisha.

Leo, karibu na kiti cha mwisho, kijiti.
Nyama moja bado imeng'ang'ania nchani.
Lumi amekiona kabla yangu. Miguu imesimama,
pua inatetema, mate yanamdondoka,
na kamba kati yetu ni nyepesi kama uzi wa cherehani.
Sijasema kitu.
Anageuza shingo, taratibu, kama mlango mzito,
ananitazama.

Mfukoni hamna kitu. Maini yaliisha
kwenye wali wa zafarani, na mifupa, na lile jaa la shawarma.
Napapasa: ufunguo, tishu, simu.
Upande wa pili, andazi langu la kifungua kinywa.

Nikalivunja. Nusu yake, nusu yangu.
Tukala tumesimama.
Kijiti nikakivunja mara tatu, nikakitia pipani:
paka wa ufukweni hawana wa kuwaambia wacha.